Mgonjwa emejensi, maswali yote anajibu aliyemleta: tuongee kuhusu wahanga wa biashara haramu ya binadamu

Nesi wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi huu nauweka kwa ajili ya manesi, madaktari, watu wa mapokezi, wa maabara, wa eksirei, walinzi, na yeyote anayekutana na mgonjwa pale idara ya dharura. Hata kama hufanyi kazi hospitali soma tu, kuna siku utakuwa umekaa kwenye benchi unasubiri zamu yako na utaona kitu.

Nimekaa emejensi miaka mingi na kuna jambo linaniuma kwelikweli. Watu wanaoshikiliwa na kutumikishwa kwa nguvu wanapita mikononi mwetu, tunawashona, tunawaandikia dawa, halafu wanatoka na walewale waliowaumiza na hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza chochote wakiwa peke yao. Mwaka 2014 ulitoka utafiti Marekani wa wanawake na wasichana waliowahi kutumikishwa kingono, kati ya walioulizwa kuhusu huduma za afya karibu 88% walisema walikutana na mhudumu wa afya wakati bado wako mikononi mwa hao watu, na 63% walihudumiwa hospitali au emejensi. Yaani hawakufichwa kwenye handaki, walikuja, wakapimwa presha, wakaondoka.

Na tusifikirie ngono peke yake. Makadirio ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), IOM (Shirika la Uhamiaji) na taasisi ya Walk Free yaliyotoka 2022 yanasema mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa kwenye kazi za kulazimishwa, na kati yao milioni 6.3 ndio walikuwa kwenye biashara ya ngono. Wengi wa waliobaki wako viwandani, mashambani, kwenye ujenzi, kwenye boti za uvuvi na kwenye majumba ya watu. Kwa hiyo kama kichwani mwako mhanga ni binti mdogo aliyefungwa mnyororo basi utampitisha mwanaume mwenye mkono uliosagwa na mashine bila kumtazama mara mbili.

Kisheria kipimo ni Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya binadamu, na sio ngumu kuielewa. Inaangalia mtu amefanyiwa nini (kutafutwa, kusafirishwa, kuhifadhiwa, kupokelewa), kwa njia gani (nguvu, vitisho, udanganyifu, kutumia udhaifu wake) na kwa lengo gani, ambalo ni kumnyonya, iwe kwa kazi, ngono, utumwa au kutolewa kiungo. Sio lazima avuke mpaka, mtu anaweza akatumikishwa mtaa wa pili kutoka alikozaliwa. Na kama njia hizo zimetumika, hata akisema alikubali, kukubali kwake hakuhesabiki. Kwa mtoto chini ya miaka 18 hata hiyo njia huhitaji kuithibitisha.

Sasa tuje kwenye dalili. Nitasema ukweli, hakuna dalili moja ambayo ukiiona unasema ndio huyu, wala mhanga hana sura yake. Mimi ninachokitazama ni nani ana mamlaka juu ya huyu mgonjwa. Nikimuuliza maumivu yalianza lini, anamwangalia nani kabla ya kujibu? Kitambulisho chake kiko mfuko wa nani? Simu yake kashika nani? Jeraha lina siku ngapi na kwa nini limeletwa leo baada ya kuoza? Hajui anakaa wapi, hajui jina la mji aliopo, maelezo yanafanana neno kwa neno na ya aliyemleta. Mwingine anakuja na maambukizi ya zinaa yanayojirudia, au mimba zilizoharibika bila kliniki yoyote, au makovu ya kuungua yenye umri tofauti tofauti mgongoni na mikononi, wakati anasema anafanya usafi tu nyumbani kwa mtu. Mwingine ana kovu refu ubavuni na hawezi kueleza alifanyiwa opereshini gani.

Wa kutumikishwa kazi wanakuja na mambo ambayo kwenye faili yanaonekana ya kawaida kabisa. Amezimia kwa joto, mkojo wa rangi ya kahawia kwa sababu misuli imevunjika na figo zinaelemewa. Au ametoka kupulizia dawa za kuua wadudu bila kinga, mate yanamtoka, anatapika, mboni za macho zimesinyaa kabisa, unakimbilia atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na uko sahihi, ila akishatulia muulize kwa nini hakuwa na glovu wala barakoa, na wenzake alioachana nao huko wako katika hali gani.

Ngoja nitoe mfano mmoja, vitu nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Aliletwa kijana mwanaume, vidole viwili vimesagwa na mashine, kafungwa kitambaa na gundi ya kubandikia maboksi, ukifungua unasikia harufu kabla hujaona kidonda. Aliyemleta kajitambulisha kama msimamizi wake, mpole, anacheka na kila mtu, bahasha ya karatasi zote kaibana kwapani. Nauliza chanjo ya pepopunda alipata lini, anajibu msimamizi. Nauliza jina la mama yake kwa ajili ya faili, anajibu msimamizi, na hapo hapo kijana anamwangalia usoni kama anasubiri ruhusa. Tukampeleka eksirei. Kule mlango unafungwa kwa sababu ya mionzi na hakuna wa kubisha. Mkalimani tukampata kwa simu. Sikumuuliza kama ametekwa wala kama anateswa, nilimuuliza tu, ukitaka kuacha hiyo kazi kesho itakuwaje? Akanyamaza muda mrefu akiwa ameshika ule mkono, halafu akauliza, nikilazwa deni linaongezeka?

Hilo swali lake lilitosha, nikajua anashikiliwa kwa deni.

Kijana alikataa tusiwaite polisi siku ile, na mtu wa ustawi wa jamii pia alimkataa. Tukasafisha kidonda, tukampa chanjo na antibayotiki, daktari akaandika lazima arudi kubadilishiwa bandeji mara kwa mara la sivyo mkono utakatwa, na msimamizi hakuweza kupinga. Akawa anarudi, kila akija anapata dakika zake chache za faragha na sura ileile anayoifahamu, mpaka siku akasema mwenyewe yuko tayari kuongea na yule mtu wa ustawi wa jamii.

Hoja yangu kubwa ni hiyo wakuu. Kazi yetu emejensi sio kupata ungamo wala kufanya uokoaji wa kishujaa. Kazi ni kumpata peke yake, kumtibu vizuri, na kuhakikisha anaweza kurudi. Anayedhani akitoka bila kukiri tumeshindwa, ataanza kumbana mgonjwa kwa maswali, na mgonjwa akibanwa hatarudi tena.

Nitaendelea chini, karibuni tuchangie.

Interni

Asante sana dada kwa uzi. Mimi naanza tu, foleni ya usiku unaijua, mgonjwa mmoja nina dakika tano. Naanzaje kuuliza mambo mazito hivi? Kuna fomu?

Nesi wa Usiku

Swali zuri dokta. Fomu zipo. Kuna inayoitwa RAFT, maswali manne tu, ilijaribiwa kwenye emejensi za New York na inafaa kwa watu wazima kwa kutumikishwa kazi na ngono pia. Inauliza kama umewahi kufanya kazi mahali ulipojisikia huna usalama, kama umewahi kudanganywa au kulazimishwa kazi usiyoitaka, kama uliogopa kuacha kazi kwa sababu ya vitisho kwako au kwa familia yako, na kama umewahi kupewa kitu kama chakula, zawadi au mahali pa kulala kwa kubadilishana na ngono. Hakuna hata swali moja linalotaja biashara ya binadamu, kwa sababu mwenyewe hajiiti hivyo. Yeye anajua ana deni, au ana mpenzi mkali, au bosi mbaya.

Njia nyingine ni PEARR, hii imejengwa kwenye mazungumzo kuliko kujaza kisanduku. Unatafuta faragha kwanza, halafu unamwelimisha, unamwambia hapa tunakutana na watu ambao waajiri au wapenzi wao wanawanyima uhuru, na mtu wa namna hiyo ana haki hizi na msaada upo, ndipo unauliza, na chochote atakachojibu unakiheshimu na unakifanyia kazi. Mimi naipenda kwa sababu hata akisema hapana anaondoka na taarifa kichwani.

Kabla ya kuuliza chochote lakini mwambie mipaka ya usiri. Kama sheria ya nchi yenu inakulazimisha utoe ripoti akikutajia mambo fulani, ajue kabla hajafungua mdomo, sio baada. Kumfanya akuamini halafu polisi wanaingia bila yeye kujua ni kumfanyia kilekile alichofanyiwa na hao waliomleta.

Na dakika tano zinatosha kwa mwanzo. Mpe maji, mpe shuka, mwambie unataka kumgusa wapi na kwa nini, subiri akubali. Aliyenyimwa usingizi na chakula muda mrefu hana nguvu ya kukupangilia historia yenye mpangilio, usimwone mwongo kwa sababu tarehe zinagongana.

Mlinzi wa Getini

Samahani mimi si mtu wa dawa, ni mlinzi. Je huyo aliyemleta akigoma kutoka chumbani? Maana wengine wanakuwa wakali na wengine wana hela, wanakuonyesha wanamjua mkubwa fulani.

Nesi wa Usiku

Kaka nashukuru umeandika, nyie ndio mnaona nani kashuka gari gani na nani kabaki nje anazunguka.

Usigombane naye. Ukigombana naye atamchukua mgonjwa na kuondoka, na kipigo kitamkuta mgonjwa. Kinachofanya kazi ni utaratibu wa hospitali unaomhusu kila mtu, kwamba hapa kila mgonjwa anaonwa peke yake kwanza, bango liko ukutani, wala hatumsemi yeye. Idara ikiwa na sheria hiyo kwa wagonjwa wote hakuna anayeshtuka. Zaidi ya hapo kuna eksirei, kuna kwenda msalani kutoa mkojo, kuna karatasi za mapokezi ambazo mwenzake lazima akazijaze dirishani, kuna kipimo cha uzazi. Chooni kwa ndani bandikeni tangazo lenye maelezo ya msaada kwa lugha kadhaa, ila msimpe mtu kipeperushi aende nacho kikutwe mfukoni.

Muhimu mpange mapema nani anaitwa na kwa neno gani, nesi asibaki peke yake na mtu mwenye silaha. Kama hatari ni ya sasa hivi, mlinzi na polisi wanaitwa, hilo halina mjadala.

Mkalimani

Naongezea kwa upande wangu. Tafadhali msimtumie aliyemleta kutafsiri, na msichukue mgonjwa wa kitanda cha pili eti wanaongea lugha moja. Jamii za wageni ni ndogo, mtu anayetafsiri anaweza akawa anamjua ajenti, yaani yule aliyemtafutia mgonjwa hiyo kazi, au ni ndugu yake. Kwa simu ni salama zaidi, na msinitajie jina la mgonjwa. Kingine, nimewahi kusikia aliyemleta akimwambia mgonjwa kwa lugha yao sema ulianguka ngazini, huku kwa daktari anatabasamu.

Nesi wa Usiku

Hii ya jina la mgonjwa iandikwe ukutani kabisa. Ahsante.

Mzazi Mwema

Mimi naona mnazunguka sana. Ukijua mtu ametekwa si upige simu polisi tu wamchukue? Kumwachia arudi kule mbona ni ukatili.

Nesi wa Usiku

Ndugu yangu nakuelewa, na moyo wako uko mahali pazuri, hata mimi nikimwona anatoka mlangoni na yule mtu usiku ule silali. Lakini fikiria. Huyu ni mtu mzima, mdogo wake wa kike yuko kijijini kwao na ajenti anajua nyumba. Vibali vyake vimeisha muda, polisi wakija wa kwanza kukamatwa anaweza akawa yeye, hilo limetokea nchi nyingi ingawa msimamo wa kimataifa ni kwamba mhanga asiadhibiwe kwa makosa aliyolazimishwa kufanya. Yeye ndiye anayejua hatari yake kuliko mimi na wewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mapendekezo kumi mwaka 2003 ya namna ya kuwahoji wanawake waliosafirishwa, la kwanza kabisa ni usimdhuru, uchukulie kwamba hatari ni kubwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Mtu ambaye kwa miaka kila kitu ameamuliwa na mwingine, ukimwamulia tena na wewe hujamtoa kokote.

Kwa hiyo unamuuliza, ukitoka hapa leo uko salama? Usipoonekana nyumbani nani ataumia? Unataka tumpigie nani? Akikataa yote unampa njia ya kurudi, tarehe ya kliniki, namba ya kukariri kichwani kama anaweza. Mtoto ni habari tofauti, nitakuja huko.

Interni

Na matibabu yenyewe je, kuna cha ziada?

Nesi wa Usiku

Kipo, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana watu wakishamshuku mhanga wanasahau kwamba amekuja kwa sababu anaumwa.

Kama kuna ubakaji, PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ianze ndani ya saa 72 na mapema ndio bora, inaendelea siku 28, sasa jiulize huyu atazificha wapi dawa za siku 28 na kama anaweza kuja kuchukua kidogo kidogo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi mpaka saa 120 ingawa nguvu inapungua kila saa zinavyokwenda. Chanjo ya homa ya ini B, pepopunda, dawa za kisonono na klamidia umpe palepale usimwambie arudi na majibu, maana huenda asirudi. Ushahidi unachukuliwa akikubali tu, na anaweza kukubali sehemu na kukataa sehemu. Nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi, nailoni inatunza unyevu na kuharibu.

Muulize kama aliwahi kukabwa shingo. Nje unaweza usione alama yoyote, lakini sauti imekwaruza, anameza kwa shida, au alipoteza fahamu kidogo, huyo mishipa ya shingo inaweza kuwa imechanika kwa ndani na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Anahitaji kipimo cha mishipa sio panado.

Halafu arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa madawa uliyozoea. Wengi wamezoeshwa madawa ya kulevya makusudi ili wasiondoke, na mwenye madawa ndiye aliyekaa pale benchi nje. Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika ndani ya saa chache atakuomba aruhusiwe, na wewe utaandika kwamba amekataa matibabu. Jamani mtibuni arosto! Kama ni heroini au madawa ya jamii yake, methadone au buprenorphine mgonjwa akipewa hapo hapo ndipo anapata nafasi ya kufikiri kitu kingine zaidi ya kurudi. Kwa macho yangu hili limebakiza watu kitandani kuliko maneno yote matamu.

Na wanaume. Kwa takwimu za UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya na uhalifu, kati ya wahanga waliotambuliwa mwaka 2018 wanaume watu wazima walikuwa 20% na wavulana 15%. Mwanaume hataulizwa kama yuko salama nyumbani, ataulizwa kama alikunywa pombe. Muulizeni na yeye, pamoja na mambo ya kingono, kwa sababu yanawakuta.

Karani wa Rekodi

Kwenye faili tuandike nini? Naona wengine wanaandika wazi wazi juu kabisa ya karatasi.

Nesi wa Usiku

Hapo pana hatari kubwa. Karatasi ya kuruhusiwa anaondoka nayo na aliyemleta ataisoma kwenye gari. Na siku hizi wagonjwa wanafungua rekodi zao kwenye simu, na simu iko kwa nani? Kwa hiyo karatasi ya kuondokea iandike kidonda na dawa tu. Ndani ya faili andika maneno ya mgonjwa mwenyewe kama alivyoyasema, chora mwili na uweke kila kovu lilipo na ukubwa wake, usiandike anadai wala anasingizia, andika amesema. Marekani tangu Oktoba 2018 kuna namba maalum za kutumikishwa kazi na kingono kwenye ICD-10, orodha ya namba za magonjwa, zinasaidia takwimu, lakini namba hiyohiyo ikitokea kwenye bili inayokwenda kwa mwenye bima inamfichua mgonjwa, kwa hiyo muulize kwanza na uongee na watu wa bili.

Sasa mtoto, kama nilivyoahidi. Chini ya miaka 18 hatusubiri ridhaa yake ili kuwaita wanaohusika na ulinzi wa mtoto, sheria nyingi zinakulazimisha na ni sawa. Lakini hata yeye aambiwe kwa lugha yake kinachofuata, nani anakuja, atalala wapi leo, nani atakaa naye. Asihojiwe na watu sita, daktari, nesi, interni, polisi, ustawi, kila mmoja anaanza upya ilikuwaje. Mmoja aliyefundishwa aulize, sisi wengine tuulize tu kinachohusu matibabu. Na msimwamini aliyemleta kwa sababu amesema ni shangazi, wengi wanaletwa na mwanamke mwenye heshima zake, tena wengine ni mama mzazi kweli.

Kwenu mna nani wa kuitwa saa nane usiku ustawi wa jamii wakiwa wamefunga? Wenye utaratibu unaofanya kazi uwekeni hapa kwa urefu, mganga mkuu wetu amekubali tuuandike wa kwetu na nakusanya mawazo.